Somo: Jinsi ya kupima kama 2^p − 1 ni namba tasa

Namba tasa iliyotangazwa Oktoba 2024, 2^136279841 − 1, ina tarakimu 41,024,320. Kuitafutia vigawo kimoja kimoja ni kazi isiyoisha. Kipimo cha Lucas–Lehmer huamua bila kutafuta kigawo hata kimoja, na kwa namba ndogo kalamu inatosha. Kwangu hiki ndicho kipimo kizuri kuliko vyote katika somo la namba.

Hatua ya 1. Hakikisha p ni tasa na inazidi 2. Kwa mfano 6 = 2 × 3, hivyo 2^6 − 1 = 63 inagawanyika kwa 2^2 − 1 = 3 na kwa 2^3 − 1 = 7. Lakini p kuwa tasa hakutoshi: 2^11 − 1 = 2047 = 23 × 89.

Hatua ya 2. Jaribu vigawo vidogo kwanza. Kila kigawo tasa cha 2^p − 1 huwa na umbo 2kp + 1 (k ni 1, 2, 3 na kuendelea), na ukikigawa kwa 8 hubaki 1 au 7. Kwa p = 11 cha kwanza kujaribiwa ni 23, na 2047 inaishia hapo hapo.

Hatua ya 3. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa 2^p − 1, chukua baki. Rudia hivyo mara p − 2. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Likiwa jingine lolote, si tasa.

Kwa 127 (p = 7) tunarudia mara 5:
4 → 14 → 67 → 42 → 111 → 0. Ni tasa.

Ile 4 ya mwanzo haihesabiwi. Wengi hukosea hapo. Chukua baki kila mara, la sivyo idadi ya tarakimu itakuwa inajirudufu karibu kila hatua.

Kugawa kwenyewe kuna njia ya mkato: gawa kwa 2^p, kisha jumlisha hisa (jibu la kugawa) na baki. 67² − 2 = 4487 = 35 × 128 + 7, na 35 + 7 = 42. Angalia hatua ya mwisho: 12319 = 96 × 128 + 31, jumla 127. Hiyo ni sawa na 0. Programu isiyojua hilo itaikataa namba tasa halali.

Maswali

*Mwalimu, namba ikionekana si tasa, tunapata vigawo vyake?*
Hapana. Lucas alionyesha mwaka 1876 kwamba 2^67 − 1 si tasa. Vigawo vyake, 193707721 × 761838257287, vilitolewa na Cole mwaka 1903.

*Programu yangu iko sawa hadi p = 31, kisha inatoa majibu ya ajabu.*
Mraba umezidi biti 64. Tumia namba kamili zisizo na kikomo, kama za Python.

*Naweza kupima 10^9 + 7?*
Si kwa njia hii. Inahusu 2^p − 1 tu. Tumia Miller–Rabin, kipimo kisichodai umbo hilo.

*Idadi ya tarakimu mnaijuaje?*
Zidisha p kwa 0.30103, acha desimali, ongeza 1. Kwa p = 127 unapata 38.23, yaani tarakimu 39. Kwa p = 136279841 tumia 0.3010299957, maana 0.30103 itakupa 41,024,321, tarakimu moja ya ziada.