Namna ya Kuajiri Wahadhiri wa Fiziolojia na Utafiti wa Uimarishaji wa Afya Mombasa

Idara inayotangaza nafasi ya fiziolojia pamoja na utafiti wa uimarishaji wa afya kwa kawaida huwa inatafuta watu wawili ambao mafunzo yao hayafanani. Mmoja huchunguza jinsi moyo, mapafu, figo na neva zinavyofanya kazi. Mwingine huchunguza kwa nini watu wanaishi wanavyoishi, na namna sheria, kipato, makazi na desturi zinavyowasaidia au kuwazuia kuwa na afya njema. Kwa hivyo jukumu la kwanza la kamati ya uteuzi, kabla ya kuandika neno lolote la tangazo, ni kuamua kama nafasi ni moja au mbili, na ikiwa ni moja, uzito wake ulalie upande upi. Tangazo linalomtaka mtu mmoja afundishe mzunguko wa damu asubuhi, aongoze utafiti wa kijamii Likoni alasiri na kuziba pengo la biokemia ikibidi, huwavutia wanaoomba kila nafasi na kuwakimbiza wanaoijua kazi.

Mkishaamua, andikeni majukumu kwa uwazi: masomo yatakayofundishwa, idadi ya saa kwa wiki, na vifaa vilivyomo maabara pamoja na visivyokuwemo. Mwanafiziolojia makini atauliza kuhusu spirometa (kifaa cha kupima pumzi), mashine ya kupima umeme wa moyo, friza ya sampuli na jenereta ya kuilinda umeme unapokatika, na ni heri akute jibu mapema kuliko kuligundua baada ya kuhama na familia. Kwa upande wa uimarishaji wa afya, kipimo kizuri ni Mkataba wa Ottawa wa 1986, tamko la kimataifa la fani hiyo, ambao ulihesabu sera za umma, mazingira, nguvu ya jamii, stadi za mtu binafsi na mwelekeo wa huduma za afya kuwa kazi moja. Mwombaji ambaye maisha yake yote amegawa vipeperushi tu amegusa sehemu ndogo ya fani hiyo.

Kuhusu sifa, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilitoa mwaka 2014 vigezo vya pamoja vya kuteua na kupandisha vyeo wahadhiri, na mhadhiri kwa kawaida hutarajiwa kuwa na shahada ya uzamivu. Zingatieni vigezo hivyo, lakini msiishie kuhesabu makala. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililoanza mwaka 2012, linahimiza kazi ipimwe kwa ubora wake wenyewe badala ya umaarufu wa jarida, na kwetu ushauri huo una uzito zaidi kwa sababu majarida yanayochapisha chochote mradi mwandishi alipe yamejaa tele. Mwombeni kila mwombaji achague kazi zake tatu na aeleze kwa nusu ukurasa alichofanya yeye mwenyewe katika kila moja.

Tangazo la gazetini linatosheleza utaratibu, ila mara nyingi halimfikii mtu mnayemhitaji. Peleka habari moja kwa moja kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI (Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya) na Wellcome Trust kule Kilifi, ambacho kimekuwepo tangu 1989, Chuo Kikuu cha Pwani, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili jijini Dar es Salaam, na kwa Wakenya wanaomaliza uzamivu ng'ambo. Asiye raia atahitaji kibali cha kazi, basi hesabuni muda huo mapema.

Jedwali la alama litengenezwe kabla ya bahasha kufunguliwa, na mwanakamati ambaye mwombaji ni jamaa yake au mwanafunzi wake wa zamani atangaze hivyo na ajitoe. Suala la wenyeji kupewa kazi kwanza hapa Pwani halikwepeki, na sioni faida ya kulinong'oneza korido. Ibara ya 232 ya Katiba ya 2010 inataka ushindani wa haki na uwezo uwe msingi wa uteuzi, na papo hapo inataka jamii mbalimbali, wanawake, wanaume na watu wenye ulemavu wapate fursa. Kamati iandike katika kumbukumbu zake jinsi ilivyopima yote mawili. Wasifu wa waombaji nao usisambazwe kwenye kundi la WhatsApp la idara, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu.

Mahojiano ya maswali matupu humpendelea msemaji. Kwa nafasi ya fiziolojia, mpe mwombaji mashine ya shinikizo la damu na mtu aliyetoka kupanda ngazi, kisha utazame. Anayejua kazi atamketisha kwa dakika 5, mgongo ukiwa umeegemea, mkono usawa wa moyo, atamnyamazisha, na atachagua mkanda wa mashine unaolingana na mkono, kwa kuwa mkanda mdogo hutoa kipimo cha juu kuliko hali halisi. Umwombe baadaye awaeleze wanafunzi wa mwaka wa kwanza sababu ya kila hatua. Hapo mwalimu hujitenga na fundi.

Kisha waombaji wa pande zote wapewe tatizo moja linalokutanisha fani hizi mbili, na Mombasa inalo. Mwezi Mei 2024 serikali ya kaunti ilipiga marufuku muguka, majani ya jamii ya miraa yanayotafunwa, na muda mfupi baadaye mahakama ikasimamisha amri hiyo. Mwulize mwombaji angechunguzaje athari za amri ya namna hiyo. Mwanafiziolojia atazungumzia kathinoni (kemikali ya muguka inayochangamsha mwili), mapigo ya moyo, shinikizo la damu na usingizi, na atataka kujua mtu alitafuna saa ngapi kabla ya kupimwa. Mtafiti wa uimarishaji wa afya atauliza muuzaji wa kibandani atakula nini, vijana watahamia kilevi gani, na watu gani walinganishwe na watu gani. Wote wawili lazima wafike kwenye maadili: kibali cha utafiti cha NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu), idhini ya kamati ya maadili, na usiri wa mtu anayekiri kutumia kitu kilichogombaniwa mahakamani. Mwishowe, mwombeni aeleze fomu ya ridhaa kwa Kiswahili kwa mama wa Majengo. Wengi wenye vyeti vizuri hukwama hapo, na ni heri wakwame mbele yenu kuliko mbele ya jamii.

Wadhamini wapigiwe simu, kwani barua zote husifu. Vyeti vya maadili mema na vya kodi viombwe kwa aliyeteuliwa peke yake, maana ni gharama kwa mtu asiye na kazi. Mshahara wa chuo cha umma hauna nafasi kubwa ya kujadiliana. Mnachoweza kutoa ni muhula wa kwanza wenye saa chache za kufundisha, fungu dogo la kuanzia utafiti, na barua ya kumtambulisha kwenye Hospitali Kuu ya Pwani. Yaandikeni hayo katika barua ya ajira, na mshindi wa pili asijulishwe kuwa amekosa mpaka barua hiyo irudi ikiwa na sahihi.