Namna ya kustaafisha jezi ya nguli wa timu

Kustaafisha jezi ni kuifunga namba: hakuna mwingine atakayeivaa. Kwenye hoki ya barafu, timu ya Toronto Maple Leafs ya Kanada ilianza mwaka 1934 kwa namba 6 ya Ace Bailey, aliyeumizwa vibaya kichwani mchezoni. Namba 99 ya Wayne Gretzky ilifungwa na NHL nzima, ligi ya hoki ya Amerika Kaskazini, mwaka 2000.

Klabu, tuseme ya Tabora, ipitishe uamuzi kwenye mkutano mkuu, uandikwe kwenye muhtasari. La sivyo uongozi mpya utaigawa namba msimu ujao. Someni pia kanuni za ligi. FIFA iliwakatalia Argentina kuifunga 10 ya Maradona kwenye Kombe la Dunia 2002.

Jezi yenyewe ndiyo huharibiwa zaidi. Ifuliwe kwa maji baridi bila jiki, maana jasho lililobaki huacha madoa ya njano, kisha ianikwe kivulini. Fremu iwe ya mninga, mchwa hawauwezi kirahisi. Ishoneeni kwenye kitambaa cha pamba kwa uzi. Gundi hukausha na kutia madoa. Kati ya jezi na kioo acheni sentimita 2, vinginevyo unyevu wa masika utagandisha namba kwenye kioo. Itundikwe pasipopigwa jua.

Nguli aifunue mwenyewe kabla ya mechi, familia ikiwa pembeni. Mapumziko hayafai: nusu ya mashabiki wako nje wakinunua maji.