SOMO: Kuchagua viatu vya kuendeshea gari la spoti lenye pedali zilizobanana

Wakuu, salamu kwenu. Kila mtu akipata gari dogo la spoti huuliza habari za tairi, oili na bei ya vipuri. Viatu hukumbukwa siku mtu anapokanyaga breki akasikia injini inanguruma, kwa sababu ubavu wa kiatu umebonyeza na pedali ya mafuta kwa pamoja. Katika gari la kawaida jambo hili ni nadra. Katika Lotus Elise, Caterham Seven, hata Mazda MX-5 kwa mtu mwenye mguu mpana, linaweza kutokea siku yoyote ukivaa kiatu kisichofaa. Somo hili nimeliandika kwa mwenye gari la manyuo (la gia za mkono), usukani kulia, kama tulivyozoea Afrika Mashariki na Uingereza.

Hatua ya 1: Jua ubanano wa gari lako unatoka wapi

Magari haya hayabanani kwa namna moja. Caterham imerithi umbo la Lotus Seven ya mwaka 1957: bodi nyembamba, injini mbele, na giaboksi inapita katikati ya miguu ya dereva na abiria. Kwa hiyo mguu wa kushoto unabanwa na ule mgongo wa katikati. Elise, iliyoanza kuuzwa mwaka 1996, injini yake iko nyuma ya viti, wala hakuna giaboksi katikati. Kinachokula nafasi ni tairi za mbele na fremu yake ya aluminiamu yenye kuta pana ubavuni. MX-5 ina mgongo wa katikati upande mmoja na uvimbe wa madigadi upande wa pili.

Faida ya kujua haya ni kwamba unajua ni mguu gani wa kuuangalia zaidi. Kama tatizo ni ukuta ulio kando ya klachi, kiatu chembamba cha kulia hakitakusaidia kitu.

Hatua ya 2: Pima pedali, kisha pima kiatu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo watu wengi hupapita. Chukua rula, ingiza kichwa chini ya usukani gari likiwa limezimwa, uandike vipimo vitatu: upana wa pedali ya breki, nafasi iliyopo kati ya breki na mafuta, na nafasi iliyopo kati ya klachi na breki. Kama mafuta yamekaribiana na ukuta, pima na hapo.

Sasa geuza kiatu chako, uipime soli pale ilipo pana zaidi, chini ya vifundo vya vidole. Pima soli, usipime ngozi ya juu. Raba nyingi za siku hizi soli yake imetokeza nje kuliko kiatu chenyewe, na ukingo huo ndio unaogusa pedali ya jirani huku wewe ukiamini mguu wako umekaa sawa.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme breki ina upana wa sm 6, na nafasi ya kutoka breki hadi mafuta ni sm 3. Ukivaa kiatu cha upana wa sm 11 na kukikanyagisha katikati ya breki, kinatokeza sm 2.5 kila upande, kwa hiyo unabakiwa na nusu sentimita tu kabla ya kuyagusa mafuta. Ukivaa cha sm 9.5, kinatokeza sm 1.75, na unabakiwa na sm 1.25. Hivyo ni vipimo vya mfano, weka vya gari lako. Kumbuka pia kwamba hakuna mtu anayekanyaga akiwa amenyoosha mguu kama mstari. Vidole huelekea nje kidogo, kuelekea upande wa mafuta. Mimi nikipata chini ya sentimita moja, kiatu hicho nakiacha.

Hatua ya 3: Unene wa soli

RAC, kampuni ya Uingereza ya kuwahudumia wenye magari, hushauri soli isizidi milimita 10, na wakati huohuo isiwe nyembamba na laini kupita kiasi. Linganisha na raba za kukimbia barabarani, ambazo kanuni za riadha ya dunia zinaruhusu soli ya hadi milimita 40. Povu la namna hiyo ni zuri kwa magoti ya mkimbiaji, lakini ndani ya gari linakuficha pale klachi inapoanza kushika, na breki huisikii mpaka povu limeshabonyea.

Wengi wakishasikia hivyo hukimbilia kiatu chembamba kuliko vyote. Msiende mbio. Elise za toleo la kwanza breki zake hazina buster (kile kifaa kinachoongezea breki nguvu), kwa hiyo unazisukuma kwa nguvu ya mguu wako mwenyewe. Soli inayokunjika kama kitambaa itakuumiza nyayo kwenye ukingo wa pedali, na mtu anayeumia hupunguza nguvu bila kujitambua. Tafuta soli nyembamba iliyokaza. Kishike kiatu mkononi ukikunje: kinatakiwa kikunjike kwenye vidole, katikati kibaki kigumu.

Hatua ya 4: Kisigino, kamba na sehemu ya juu

Kisigino ndicho kinachokaa chini sakafuni na kuuzungusha mguu. Chenye kona kali hukwama, cha mviringo huzunguka vizuri. Ndiyo maana moka za Kiitaliano za kuendeshea, kama Gommino za Tod's, vijiwe vyake vya mpira vimepandishwa hadi nyuma ya kisigino.

Kamba ndefu ni hatari ya kweli. Zifunge, kisha fundo na ncha zake uzichomeke ndani. Na kabla hujaridhika, angalia sehemu ya juu ya vidole: katika baadhi ya magari haya, ukitoa mguu kwenye mafuta kwenda breki, pua ya kiatu inagonga kitu kilicho juu au inanasa nyuma ya pedali. Kiatu chenye pua ndefu, hata kikiwa chembamba, hakifai humo.

Hatua ya 5: Jaribu gari likiwa limesimama

Kaa kama unavyoendesha, kiti mahali pake, mkanda umefungwa, injini imezimwa. Tazama mbele, usitazame miguu. Hamisha mguu kutoka mafuta kwenda breki na kurudi, taratibu, kisha haraka kama mtoto amekatiza barabara. Sikiliza mkwaruzo. Mwombe mwenzako apige tochi, akuambie anachokiona.

Kisha washa injini, gari likiwa halina gia na hendibreki imevutwa, ukanyage breki kwa nguvu. Katika gari lenye buster kama MX-5, breki inazama na kukaribia usawa wa mafuta. Kiatu ambacho hakikugusa kitu wakati breki iko juu kinaweza kugusa sasa hivi. Injini ikipandisha mlio hata kidogo, jibu umelipata.

Kwa wale wanaopunguza gia kwa kubana breki na vidole huku ubavu wa mguu ukiyagusa mafuta: ninyi mnahitaji kuyafikia mafuta kwa makusudi, lakini msichague kiatu kipana ili kurahisisha kazi hiyo. Mguu unaozunguka kwenye kifundo unatosha. Ayrton Senna, bingwa wa mbio za Formula 1, alirekodiwa akiifanya kazi hiyo ndani ya Honda NSX pale Suzuka akiwa amevaa moka na soksi nyeupe, na miguu yake inacheza juu ya pedali kwa wepesi ambao kila dereva anapaswa kuutazama.

Viatu gani basi?

Puma Speedcat ilitengenezwa kwa kuiga viatu vya mbio, ni nyembamba na soli yake iko chini. Onitsuka Tiger Mexico 66 nayo ni nyembamba mno. Adidas Samba ni nzuri kwa wengi, ila pima ukingo wake. Viatu vya mieleka na vya ndondi vinafaa kuliko watu wanavyodhani. Na kwa walio nyumbani, raba za kitambaa za Bata za michezo ya shule, zile za soli bapa ya mpira, zinaweza kufanya kazi hii kwa bei ambayo haimuumizi mtu. Ukienda mitumbani, nenda na rula yako.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Mombasa: *Shukrani kwa somo. Mimi huendesha na makubazi, nikifika kwenye gari navua na kukanyaga peku. Je, peku si bora kuliko vyote, maana mguu ni mwembamba kuliko kiatu chochote?*

Kwa upana uko sahihi kabisa, na peku ni salama kuliko kubazi linalochomoka nyuma na kunasa chini ya pedali. Uingereza hakuna sheria inayokataza peku. Kanuni ya 97 ya Highway Code, mwongozo wa barabarani wa huko, inataka tu mavazi na viatu visikuzuie kutumia vidhibiti vya gari ipasavyo. Shida ni mbili: jasho au maji yanateleza kwenye pedali ya chuma, na breki isiyo na buster inahitaji nguvu ambayo nyayo tupu haziivumilii siku ya dharura. Ukivua makubazi, tafadhali yaweke nyuma ya kiti. Usiyaache miguuni. Kitu kinachoteleza hadi chini ya breki kinaweza kuua.

Leicester: *Mguu wangu namba 46 na mpana. Kila kiatu kinagusa. Nifanye nini na Caterham yangu?*

Kwanza, kaka, angalia kama kuna mtu aliyewahi kubandika vile vipande vya aluminiamu vya urembo juu ya pedali. Vinaongeza upana na kukula nafasi pande zote mbili, vitoe. Pili, tafuta kiatu ambacho soli haizidi ngozi ya juu. Hapo viatu vya mieleka na viatu halisi vya mbio hushinda raba za mtaani. Tatu, fundi anayezijua Caterham anaweza kuirekebisha pedali ya mafuta ikasogea kidogo. Breki isikatwe wala isikunjwe na fundi wa kubahatisha. Na ukikosa kabisa, jaribu gari jingine. Miguu yako si kosa, na hakuna gari linalostahili kukubana kiasi cha kukuhatarisha.

Toronto: *Huku theluji ni miezi mingi. Buti ndizo zinazonifikisha kwenye gari.*

Vaa buti hadi mlangoni, kisha kaa kiti cha dereva miguu ikiwa nje, ubadilishe. Buti zitie kwenye mfuko upande wa abiria au kwenye buti la gari. Futa soli za kiatu cha kuendeshea kabla ya kuanza, maana theluji iliyoyeyuka juu ya mpira inateleza. Na hakikisha kapeti la sakafu limefungwa kwenye vishikizo vyake. Mwaka 2009 Toyota iliita mamilioni ya magari Marekani kwa sababu kapeti lingeweza kuzuia pedali ya mafuta isirudi, na hayo yalikuwa magari yenye nafasi tele.

Dar es Salaam: *Natoka ofisini na mchuchumio, gari ni MX-5 ya manyuo. Kutembea na viatu viwili kila siku ni kero. Hakuna mchuchumio unaofaa?*

Hakuna, dada yangu. Ule mti wa kisigino unainua kifundo, kwa hiyo mguu unaning'inia badala ya kuegemea sakafu, na ncha yake inachimba kapeti. Wa kushoto ndio mbaya zaidi, kwani klachi inakanyagwa mpaka chini kabisa. Usitembee na viatu viwili: nunua moka moja au raba nyepesi, ikae kwenye gari siku zote.

Muscat: *Je, joto? Raba nilizoziacha kwenye gari zimeanza kuachia gundi.*

Gari lililoegeshwa juani huko kwenu linayeyusha gundi nyingi. Chagua soli iliyoshonwa pembeni, au mpeleke fundi viatu azishone kabla hazijaachia. Soli inayoning'inia mbele ni hatari ileile ya kubazi. Na usiziache sakafuni upande wa dereva, ziweke kivulini nyuma ya kiti.

Nairobi: *Mwalimu, viatu vya mbio vyenye nembo ya FIA vina thamani kwa mtu wa barabarani tu?*

FIA ni shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari, na kiwango chake cha 8856-2018 kinahusu kinga dhidi ya moto. Ukishindana, kanuni za mashindano yako ndizo zitakazokuambia uvae nini, na hapo usibanie pesa. Kwa barabarani unanunua wembamba wa soli, na huo unaupata kwa bei nafuu zaidi. Ukivinunua hata hivyo, usitembee navyo kituo cha mafuta. Soli zake zinaisha upesi, na tone la dizeli likishaingia kwenye mpira, mguu utateleza kwenye breki hata baada ya kufuta. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, zikauke, urudie jaribio la hatua ya 5 kabla ya kutoka getini.