Kurina Asali Kwenye Mti Mrefu kwa Mkanda na Kamba

Katika vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya Kibosho, Machame na Marangu kwenye miteremko ya Kilimanjaro bado ipo mizinga ya magogo iliyotundikwa na wazee wetu juu ya miti ya miruka na miringaringa, mingine ikiwa mita 8 au 10 kutoka ardhini, na kila msimu wa asali yupo mtu anayeipandia kwa mikono mitupu, panga kiunoni na kijinga cha moto mkononi. Mrina asali haanguki kwa kutojua kupanda, kwa kuwa kazi hiyo hufanywa na watu waliozoea miti tangu utoto wao. Huanguka kwa sababu nyuki wamemwingia usoni, naye katika kuwafukuza ameachia tawi, au kwa maumivu ameamua kuruka akidhani chini kuna nafuu. Anayeanguka kutoka mita 8 hufika ardhini kwa sekunde moja na robo hivi, akiwa na mwendo wa kilomita 45 kwa saa, ambao ni mwendo wa bodaboda barabarani.

Kwa hiyo kamba ya mrina asali kazi yake ya kwanza ni kumteremsha. Ncha yake inapaswa kuwa mikononi mwa mtu aliye chini, aliyefundishwa, anayeweza kumshusha mwenzake mara tu anaposikia sauti yake. Nimeona wapandaji wazuri waliojifunga vizuri sana kwenye shina, wakakaa salama wasianguke, kisha wakashindwa kujifungua huku nyuki wakiwamaliza. Kujifunga namna hiyo ni hatari nyingine, wala hakupaswi kuitwa usalama.

Kabla ya vifaa, niseme kuhusu mahali. Maelezo haya ni ya miti iliyo kwenye kihamba chako au ya mtu aliyekuruhusu. Msitu wa juu uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na kuingia humo kurina asali kwa moto ni kosa ambalo pia huteketeza mlima wetu. Na kwa yeyote anayetundika mzinga mpya leo, ushauri wangu ni kwamba autundike usawa wa kiuno, mahali ambapo hata mama mzee ataufikia bila ngazi. Kupanda kubaki kwa ile mizinga ya zamani ambayo tayari iko juu.

Mkanda unaofaa ni ule wa mwili mzima, wenye mikono ya mapajani na mabegani, kama unaovaliwa na mafundi wa minara ya simu, na uwe na pete ya mbele, kiunoni au kifuani. Mkanda wa kiuno peke yake usiutumie hata kidogo, kwa kuwa mtu akining'inia hupanda mpaka mbavuni na kumbana pumzi, na akipinduka kichwa chini anaweza kuchomoka. Pete ya mgongoni imewekwa kwa ajili ya kumzuia mtu anayeanguka. Ukishushwa kwa pete hiyo utaning'inia ukiwa umeinamia mbele, huwezi kushika mti vizuri wala kuona unakoelekea. Vaa mkanda juu ya vazi la nyuki, si ndani yake, kisha kaza mikono ya mapajani mpaka kiganja kilichonyooka kipite lakini ngumi isipite.

Kuhusu mikanda na kamba za mitumba, najua zinapatikana Kiboriloni na kwingineko kwa bei nafuu, na nyingine zimeachwa na wageni wa mlima. Tatizo ni kwamba huwezi kujua kamba hiyo ilianguka na nani, ililala jua la miaka mingapi, wala kama iliwahi kumwagikiwa maji ya betri ya gari, ambayo hudhoofisha nailoni bila kuacha alama kubwa. Kwa uamuzi wangu, karabina ya chuma ya mtumba, yaani ile pete ya kuunganishia kamba inayofunguka, yenye kufuli zima inaweza kukaguliwa na kukubaliwa, lakini kamba na mkanda vinunuliwe vipya. Kamba iwe ile yenye kiini na ganda, ya nailoni au poliesta, unene wa milimita 11 hadi 13. Kamba ya katani huoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima, na ile ya plastiki ya bluu au ya manjano tunayofungia ng'ombe hupukutika kwa jua na huyeyuka kwa msuguano. Urefu wake uzidi mara mbili ya kimo cha tawi litakaloibeba, na ncha ya mwisho ipigwe fundo kubwa, kwa sababu wapo watu walioshushwa vizuri mpaka mita mbili za mwisho, kamba ikaishia mikononi mwa mshushaji.

Sasa mti wenyewe. Uzunguke wote kwanza ukiutazama kutoka mbali, kisha usogee na kuligonga shina kwa mgongo wa panga huku ukisikiliza sauti tupu ya uwazi wa ndani. Uyoga kwenye shina, ufa chini ya panda, na matawi makavu yaliyonasa juu ni sababu za kutosha za kuuacha. Mkuyu, mringaringa na mruka ulio hai hubeba mtu vizuri. Mgrivea na mparachichi siviamini, kwa kuwa matawi yake hukatika ghafla bila kupinda, na mzinga ulio kwenye mti wa namna hiyo ni afadhali ufikiwe kwa ngazi iliyofungwa, au uachwe kabisa. Waya wa umeme ukiwa karibu na tawi lolote, kazi isimame mpaka TANESCO wafike. Wakati wa masika, ukungu unaposhuka na shina kuota kuvu la kijani linaloteleza kama sabuni, subiri siku kavu.

Tawi la kubebea kamba liwe juu ya mzinga, liwe hai, lisipungue unene wa paja la mtu mzima, na kamba ikae kwenye panda lililoshikamana na shina. Msisitizo huu una sababu yake: kamba inapopita juu ya tawi na kurudi chini kwa mshushaji, tawi hubeba uzito wako pamoja na mvuto wa upande wa pili, hivyo mtu wa kilo 70 anaweza kulilemea kwa uzito unaokaribia kilo 140. Kuifikisha kamba huko, funga mfuko mdogo wa mchanga wa gramu 300 hivi kwenye uzi mwembamba wenye nguvu, uurushe kutoka chini mpaka upite juu ya panda, kisha utumie uzi huo kuivuta kamba kubwa. Mara nyingi utakosa mara kumi na zaidi, na hapo ndipo watu hukata tamaa na kuamua kupanda tu bila kitu. Usifanye hivyo, siku nyingine nimetumia saa nzima kurusha mfuko na sijutii. Kamba ikishapita, watu wazima wawili waining'inie pamoja karibu na ardhi, waitikise, na mtu wa tatu alitazame tawi.

Upande wako wa kamba ufungwe kwenye pete ya mbele ya mkanda kwa fundo la nane lililorudishwa, yaani unapiga umbo la nane, unapitisha ncha kwenye pete, halafu unaifuata njia ileile kurudi mpaka nyuzi zilale mbili mbili bila kupishana. Mkia ubaki urefu wa shibiri moja. Upande wa pili hupita kwenye kifaa cha kubana kamba, ambacho hakifungwi kwenye mwili wa mshushaji peke yake, bali kwenye shina la mti mwingine imara, hatua kadhaa kutoka chini ya mzinga. Hapo mshushaji haburutwi, na nyuki wengi humkosa. Naye pia avae vazi la nyuki na glavu za ngozi. Mkono wake unaobana hauachii kamba hata akidungwa, na kwa kuwa binadamu ni binadamu, ongeza kamba nyembamba ya milimita 7 au 8 iliyozungushwa mara tatu kwa fundo la Prusik kwenye upande wa mkono huo, iliyounganishwa na shina hilohilo, ili kamba ijikamate yenyewe mkono ukiteleza.

Maneno ya kazi yawe matatu tu: "kaza", "legeza" na "shusha". La tatu halihojiwi. Mshushaji asiulize kuna nini, wala asikuombe uvumilie kidogo umalizie.

Mambo haya hayajifunzwi kwa kusoma pekee. Hapa Moshi tuna bahati ya kuwa na waongozaji wa mlima waliofundishwa kazi za kamba, na mwombe mmoja wao akusimamie siku nzima ukiwa mita mbili kutoka ardhini. Fanya mazoezi ukiwa umevaa glavu na wavu wa uso, kwa sababu kufuli la karabina unalolifungua kwa vidole vitupu huwa kitu kingine kabisa ndani ya glavu zenye nta.

Kamba iwekwe mchana. Anza kupanda saa 11 jioni, wakati mwanga bado upo na nyuki wameanza kurudi mzingani, ukiwa na taa ya kichwani yenye mwanga mwekundu ambao nyuki hawauoni. Mshushaji avute kamba kila unapopanda hatua, pasiwe na ulegevu wa zaidi ya shibiri mbili. Bomba la moshi lining'inie kwa waya chini ya miguu yako, mbali na kamba, kwa maana nailoni huyeyuka kwenye nyuzi 220 hadi 260 za Selsiasi na kaa jekundu huzidi nyuzi 500. Cheche moja inatosha. Kijinga cha moto kisipande mtini kabisa.

Ukifika, usikate masega huko juu. Fumba mlango wa mzinga kwa majani mabichi, ufunge kwa kamba ya pili inayopita kwenye tawi jingine, hakikisha uzito wote umeshikwa na watu wa chini, ndipo ulegeze waya wake, na uteremshwe polepole. Asali ikatwe ardhini. Kisu kinachogusa kamba iliyokazwa huikata kama ndizi, hivyo kisu kibaki chini.

Mwaka juzi, Kibosho, nilikuwa mita 9 juu ya mruka wakati mlango wa mzinga ulipofunguka mikononi mwangu. Nyuki mmoja alipita chini ya wavu na kunidunga kwenye kope, na papo hapo nikasikia harufu kama ya ndizi mbivu. Hiyo ndiyo harufu ambayo nyuki aliyedunga huiachia ili kuwaita wenzake, na kwenye kihamba cha migomba mtu anaweza kuidharau. Nilisema "shusha" mara moja. Mdogo wangu alinifikisha ardhini kabla sijamaliza kuhesabu hadi ishirini, nikiwa nimedungwa mara saba badala ya mara mia.

Mtu akizimia au akinyamaza kwenye kamba, ashushwe hapohapo. Kuning'inia bila kusogeza miguu huzuia damu kurudi moyoni, na hali inaweza kuwa mbaya ndani ya dakika chache. Aliyevimba uso au koo, au anayepumua kwa shida baada ya kudungwa, apelekwe hospitali ya Mawenzi au KCMC bila kusubiri dawa za nyumbani, na anayejua kwamba nyuki humdhuru hivyo asipande wala asisimame chini. Simu ya mshushaji iwe na chaji. Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Usiku huohuo, pitisha kamba yote vidoleni ukitafuta mahali palipolainika, palipovimba au palipoungua, na ukipapata, kamba hiyo haipandiwi tena. Kisha ioshe kwa maji ya uvuguvugu mpaka asali na nta ziondoke, uianike kivulini, na uihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa sababu panya hutafuna kamba yenye harufu ya asali.