Namna ya Kusoma Majina ya Kibotania ya Mimea ya Mashamba ya Tanga

Jina la kibotania lina maneno mawili: la kwanza ni la jenasi, yaani kundi la mimea yenye undugu wa karibu, nalo huanza kwa herufi kubwa, na la pili hutambulisha spishi, yaani aina moja mahususi ndani ya kundi hilo, nalo huandikwa kwa herufi ndogo hata kama limetokana na jina la mtu au la nchi. Herufi L. inayofuata majina mengi ni kifupisho cha Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyeupa utaratibu huu nguvu katika kitabu chake cha mwaka 1753.

Anza na neno la pili, kwani mara nyingi ndilo lenye habari nyingi zaidi. Huenda likataja mahali: mchungwa unaostawi Muheza ni Citrus sinensis, yaani wa China, na mkorosho ni Anacardium occidentale, wa magharibi, kwa kuwa asili yake ni Brazili. Hata hivyo, mahali panapotajwa si lazima pawe chimbuko la mmea. Mkonge, ambao Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliuleta pwani yetu mwaka 1893 kutoka Florida, ni Agave sisalana. Agave ni neno la Kigiriki lenye maana ya tukufu, na sisalana linatokana na Sisal, bandari ya Yucatán nchini Mexico ambako nyuzi zake zilipakiwa melini.

Majina yanayoeleza umbo ndiyo ninayoyapenda zaidi, kwa sababu unaweza kuyathibitisha shambani. Mfenesi ni Artocarpus heterophyllus: tunda la mkate, lenye majani yasiyofanana. Tazama mche mchanga, na mara nyingi utakuta majani yaliyogawanyika kwa mipasuko mirefu, ilhali ya mti mzima hayana mpasuko, ni mazito na yanang'aa.

Sativa, kama katika Oryza sativa, mpunga, humaanisha unaolimwa. Esculenta ni wa kuliwa, lakini usilichukulie kuwa hakikisho la usalama: Manihot esculenta ni pamoja na muhogo mchungu, ambao lazima uondolewe sumu kabla ya kuliwa.

Unaponunua miche ya viungo kutoka vijiji vya Amani, taja maneno yote mawili. Cinnamomum verum, mdalasini wa kweli, una gome jembamba linalojikunja tabaka juu ya tabaka. Cinnamomum cassia una gome nene, gumu, na yote miwili sokoni huitwa mdalasini.