Jinsi ya Kuomba Bomba la Risasi Libadilishwe Nyumbani Kwako, Uganda

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi, yaani madini ya sumu (lead) yaliyotumika kutengenezea mabomba ya zamani. Maji yakipungua kwa mvuke, risasi inabaki sufuriani na kuzidi kukolea. Anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, na aliye bado tumboni, kwa sababu madini haya huharibu ubongo unaokua, mara nyingi bila dalili yoyote. Kwa hiyo kama unakaa nyumba ya zamani, tuseme Old Kampala au katikati ya Jinja, anza kwa kulitazama bomba lako.

Litafute linapoingia nyumbani, karibu na mita. Likwaruze polepole kwa sarafu. Risasi ni laini, hung'aa kama fedha pale ulipokwaruza, na sumaku haiishiki. Sumaku ikinasa, hilo ni bomba la chuma. Usitulie upesi: chuma kilichowahi kuunganishwa na bomba la risasi hushika risasi ndani ya kutu yake, kikaiachia kidogo kidogo. Lehemu ya zamani kwenye maungio nayo huwa na risasi.

Mpaka wa madaraka ni mita. Kabla ya mita ni kazi ya Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka (NWSC). Baada ya mita ni mali ya mwenye nyumba. Mpangaji, ikiwa akaunti iko kwa jina la mwenye nyumba, ombi lipitie kwake. Akikukwepa, mwone mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) awakutanishe.

Andika barua kwa meneja wa tawi lenu. Taja jina, namba ya akaunti kama ilivyo kwenye bili, namba ya mita na mtaa; ambatisha picha za bomba na nakala ya kitambulisho cha taifa. Omba mambo mawili: maji yapimwe risasi, na sehemu ya shirika ikaguliwe na kubadilishwa. Neno "risasi" liandike wazi, maana kipimo cha vijidudu hakiionyeshi. Peleka nakala mbili, moja ugongewe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Tafadhali usiondoke bila muhuri huo. Ndio ushahidi wako utakapofuatilia.

Sampuli ichukuliwe alfajiri, maji yakiwa yamelala bombani kwa muda wa saa sita au zaidi, na iwe lita ya kwanza kabisa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni maikrogramu 10 kwa lita, lakini hakuna kiasi cha risasi kilichothibitishwa kuwa salama kwa mtoto.

Kadirio la gharama lidai kwa maandishi, na malipo ya shirika yapitie benki au simu, yasiwe mkononi mwa mtu. Upande wako tafuta fundi bomba, uweke plastiki. Panga pande zote mbili za mita zibadilishwe kwa pamoja, kwani kubadilisha nusu hutikisa risasi iliyobaki na kuweza kuipandisha majini kwa wiki kadhaa. Lakiri ya mita usiiguse.

Kazi ikiisha, fungua vichujio kwenye midomo ya mabomba, vioshe, uache maji yatiririke kwa nusu saa, kisha omba kipimo cha pili. Kabla ya jibu hilo, pikia na changanyia maziwa ya mtoto maji ya baridi tu, baada ya kuyaacha yatoke dakika chache kila asubuhi. Hayo ya kwanza yakinge kwenye ndoo, ufulie.