Jinsi ya kupima shamba kwa fremu A na kuchimba mashimo ya zai

Juzi nimemaliza kumsaidia jirani kupima shamba lake na maswali aliyoniuliza ndo yaleyale yaliyonihangaisha mimi mwaka wa kwanza, kwa hiyo naandika hapa. Shida ya sehemu kavu sio tu kwamba mvua ni chache, ikija inakuja siku moja kwa kishindo, udongo juu umeshakauka umekuwa kama sahani, maji yanateleza yanaondoka na samadi yako, halafu wiki tatu jua kali. Kazi yetu ni kuyazuia yasitoke shambani: kwa fremu A tunatafuta mstari ulio sawa kukatiza mteremko, kwenye mstari huo tunaweka kingo, halafu tunachimba zai, yaani mashimo madogo ya kupandia yanayodaka maji.

Yote haya fanya kiangazi, ukisubiri wingu umeshachelewa.

Hatua ya 1: Fremu
Miti miwili ya mita 2 funga pamoja juu, weka mti wa kukatiza iwe kama herufi A. Kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, jiwe lishuke chini ya ule mti wa kukatiza.

Hatua ya 2: Alama ya usawa
Hapa ndipo wengi tunaharibu. Usipime katikati ya mti kwa rula ukadhani umemaliza, miguu haiwi sawa hata siku moja. Simamisha fremu, piga vigingi viwili pale miguu ilipokanyaga, subiri jiwe litulie, weka alama kamba inapogusa mti. Halafu igeuze, mguu wa kushoto ukae palepale ulipokuwa wa kulia, palepale kabisa, weka alama ya pili. Katikati ya hizo alama mbili ndo usawa.

Sasa kwenye kutembea nayo: usiibebe! Shikilia mguu wa mbele pale ulipo, zungusha wa nyuma uende mbele, tafuta kamba iguse ile alama ya katikati, piga kigingi, endelea. Mimi nilikuwa naibeba, mchana msumari wa juu ukalegea sijui, kosa likawa linaongezeka upande uleule kila mita 2 na mstari mzima ukawa unashuka taratibu, kwa macho huoni kitu. Mvua ya kwanza maji yakafuata ule mstari kama mfereji, yakajaa kona ya chini, yakabomoa kingo na kuchimba korongo la kufika magotini. Kwa kuzungusha, miguu inapokezana na kosa linafutana. Pia kaza kilele kwa mpira wa tairi, rudia kuangalia alama kila ukitoka kupumzika, upepo ukiwa mkali tafuta jiwe zito au acha hadi utulie, na usikanyagishe mguu juu ya kichuguu wala ndani ya shimo. Programu za simu za kupima usawa mimi sizitaki kwa kazi hii.

Hatua ya 3: Kingo
Panga mawe kwenye mstari. Huna mawe, chimba mtaro udongo uutupe upande wa juu, ndo fanya juu yenyewe.

Hatua ya 4: Mashimo
Upana sm 30, kina sm 15 hadi 20, safu zipishane ili maji yakikosa shimo la juu yadakwe na la chini. Udongo weka upande wa chini. Tia viganja viwili vya samadi iliyooza. Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso, aliyeyaboresha mashimo haya baada ya ukame mkubwa kule Sahel, alitegemea sana mchwa: wanafuata samadi, wanatoboa ardhi, maji yanazama. Kwa hiyo dawa ya mchwa humu usipulize, nakuomba.

Hatua ya 5: Kupanda
Mtama au uwele, na kunde. Usimalize mbegu zote kwa mvua ya kwanza, bakiza za kurudishia, maana ya kwanza mara nyingi inadanganya.

Hatua ya 6
Mvua ikinyesha toka na jembe hapohapo, loana tu. Tembea kwenye kila kingo, maji yakituama sawasawa mstari wako uko sawa, yakikimbilia upande mmoja piga kigingi pale yanapoelekea, kesho uanze kurekebisha hapo.